Kadi ya Gari Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu aliyefundisha fizikia miaka thelathini na mitatu ana mengi ya kueleza, na wajukuu nikiwaeleza husinzia. Karatasi haisinzii.

Kazi yangu ya sasa: mtunza kadi katika shule ya udereva. Magari matano. Kila gari lina kamera nyuma ya kioo cha mbele, na kila kamera ina kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Watu hudhani kadi ni kitu cha kuchomeka na kusahau. Sivyo! Gari likiwaka, kamera huandika. Kadi ikijaa, kamera hurudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani. Hadi hapo hakuna tatizo. Lakini gari likishtuka kwa nguvu, kamera hudhani ni ajali, na klipu ile huitia kufuli isifutike. Sasa fikiria gari la wanafunzi! Klachi inaachiwa kama aliyekanyaga kaa la moto: kufuli. Tuta limerukwa: kufuli. Baada ya wiki chache kadi imejaa ajali ambazo hazikutokea, na nafasi ya ajali ya kweli inazidi kuwa finyu.

Ndiyo maana kila Ijumaa kadi lazima itolewe kamera ikiwa imezimwa, picha za maana zihamishiwe kwenye kompyuta, miguu yake ya shaba ipanguswe kwa kitambaa kikavu, ifomatiwe, yaani ifutwe yote, ndani ya kamera yenyewe, kisha daftari litiwe saini.

Daftari nimelitia saini kila Ijumaa. Mwandiko safi sana.

Hayo mengine sijayafanya tangu katikati ya Januari.

Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Wiki ya kwanza mgongo uliuma. Ya pili ilinyesha mvua. Ya tatu nikajiuliza, kisayansi kabisa, kadi isiyotunzwa huishi muda gani. Basi si uvivu tena, ni jaribio. Sasa ni Ijumaa saba. Jaribio linaendelea vizuri.

Kinachonikera rohoni ni kimoja. Kazi hii niliombewa na shemeji, mke wa marehemu mdogo wangu. Ni mwalimu wa udereva hapo hapo, anafundisha kwa gari namba tatu. Alimwambia Mkuu wa shule kwamba shemeji yake ni mtu wa utaratibu. Ndivyo alivyosema. Utaratibu!

Na adui ninaye mmoja: fundi wa magari. Wanamwita Kimya. Husema maneno manne kwa siku, na yote manne huniuma. Leo kauliza taa ya kamera ya gari namba tano inamwekamweka nyekundu tangu lini. Nikamweleza asili ya rangi nyekundu katika mwanga, dakika kumi na tano. Akaondoka katikati. Mimi wananiita Mwalimu Fafanua. Afadhali jina langu.

Jumanne, 4 Machi

Ewe kalamu, hata kukushika naona haya.

Saa nne na nusu dada wa mapokezi alikuja mbio. Mkuu anataka kadi ya gari namba tatu mezani kwake saa tano. Sikuuliza kwa nini. Nilijua! Kimya amenichongea. Ukaguzi wa ghafla. Na ukaguzi wa ghafla hauchukui vyote, huchukua sampuli, kama mpishi anavyoonja kijiko kimoja. Sampuli ni gari namba tatu. Basi sampuli ikiwa safi, zote ni safi.

Ufunguo wa akiba ninao mimi. Nikalifungua gari. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, kamera ikaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika! Kufomati kulimalizika kabla sijapumua mara tano. Nikaitoa kadi, nikapangusa shaba zake. Nikiwa natoka niliona taa ya mbele ya kushoto imevunjika. Nikatikisa kichwa: wanafunzi hawa! Nikaenda zangu napiga mluzi.

Kwa Mkuu nikamkuta shemeji amesimama. Pembeni yake mwanafunzi wake, mama mshona nguo, ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili. Mkuu akanieleza. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko, gari namba tatu lilikuwa limesimama. Mbele yake lori la magodoro. Lori likarudi nyuma, likaligonga. Hivyo ndivyo asemavyo shemeji. Dereva wa lori anaapa kwamba yeye alisimama tuli, na gari la shule ndilo lililomvaa kwa nyuma. Mama mshona nguo alipoulizwa alisema yeye alifumba macho. Alikuwa ameyafumba tangu anaingia kwenye mzunguko.

Basi shahidi ni kamera, akasema Mkuu, na akaichomeka kadi.

Hakuna faili.

Akaitoa, akaichomeka tena. Hakuna faili. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya ofisi ile ni ya zege.

Mkuu hakunitazama mimi. Alimtazama shemeji. Gari lilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi, akasema, na ufunguo uko mfukoni mwake hadi sasa. Nilingoja mtu akumbuke ufunguo wa akiba. Hakuna aliyeukumbuka. Kisha Mkuu akanigeukia: Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Kadi inaweza kujifuta yenyewe?

Hapo palikuwa pahali pa kusema sentensi moja. Sentensi fupi tu. Badala yake nikaeleza joto. Nikaeleza jinsi kioo cha mbele kinavyokusanya jua, jinsi kadi ya bei rahisi inavyochoka, jinsi umeme unaokatika ghafla unavyovuruga orodha ya faili. Shemeji alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa matumaini, kila nilipotaja joto. Mkuu akauliza: kwa hiyo inawezekana? Nikasema kwa nadharia, ndiyo. Akauliza: na hii hapa, imeharibika au imefutwa? Nikasema, kwa kuwa sayansi haina shemeji, kadi iliyoharibika huleta ujumbe wa hitilafu, na hii inasomeka vizuri kabisa. Kwa maneno mengine imefomatiwa. Na aliyeifomati amefanya kazi safi.

Kimya alikuwa mlangoni. Alisema alipolifuata gari kule barabarani alilikuta limefungwa breki ya mkono. Mkuu akamjibu kwamba breki ya mkono mtu anaweza kuivuta baadaye. Asiye na hatia hafuti.

Uamuzi: kikao Jumatatu. Kadi nikae nayo mimi, kabatini. Hadi hapo shemeji asiguse gari. Ikithibitika alifuta ushahidi, ataondoka, na barua itapelekwa kwa wanaotoa vibali vya ualimu wa udereva asifundishe tena popote. Ana watoto watatu, na hana kazi nyingine.

Akapita mbele yangu akitoka. Akaninong'oneza: asante shemeji kwa kunitetea.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka nimeamua. Ukweli! Mwanafunzi akivunja chombo cha maabara nilikuwa namwambia: sema leo utavunjika kidole, ficha leo utavunjika shingo. Nikavaa koti.

Saa mbili na nusu nikabisha kwa Mkuu. Akainua uso, akauliza nina shida gani. Nikaomba kalamu.

Saa nne nikarudi. Nikaomba karatasi.

Saa sita nikarudi tena, safari hii nikiwa nimeandika ile sentensi kwenye kiganja. Mkuu akasema Mwalimu, naona una kazi nyingi leo, akanipa na stepla. Nikashukuru. Kiganja kilikuwa kimetoa jasho, sentensi yote imekuwa wino mtupu.

Nikaketi chini ya ngazi na kalamu yangu, karatasi zangu na stepla yangu. Shemeji akapita. Haruhusiwi gari, kwa hiyo amepewa kupanga viti vya darasani. Mwalimu aliyefundisha nusu ya madereva wa mji huu, anapanga viti! Alinisalimu shikamoo. Nikajibu marahaba kwa sauti ya mtu aliyemeza kifuniko cha chupa.

Na hapo hapo likanijia wazo.

Kukiri kutaokoa mtu mmoja na kuangamiza mmoja. Hesabu hiyo haina faida. Lakini je, kama kadi ingekuwa na picha? Picha ya lori likirudi nyuma. Si uongo, maana lori lilirudi nyuma kweli. Katika maabara, jaribio likiharibika hatulii. Tunalirudia.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kazi! Nimechoka, nimefurahi, nina aibu, lakini kwa mpangilio huo.

Nilimwambia Kimya kwamba nahitaji gari namba tatu kupima kamera. Alinipa ufunguo bila neno; ule wa akiba sikutaka mtu aukumbuke. Maneno yake manne aliyabakiza.

Lori sina. Jirani yangu muuza maji ana pikapu. Nikamweleza kwamba kinachoonekana kwenye kamera si lori bali sehemu ya nyuma ya lori, na sehemu ya nyuma ya lori la magodoro ni godoro. Akaelewa haraka. Godoro likapatikana nyumbani kwangu, mke wangu akiwa sokoni. Lina maua ya zambarau. Tukalisimamisha nyuma ya pikapu, tukalifunga kamba.

Tulikwenda kwenye kiwanja nyuma ya ghala la mbao, ambako ukuta unafanana kidogo na ukuta wa soko. Kwanza nikarudisha saa ya kamera. Hili ndilo ambalo mtu asiyesoma angelisahau! Kila klipu hupigwa muhuri wa tarehe na saa pembeni. Nikaweka tarehe 4 Machi. Ajali ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Nikaandika 03:40. Nikajipongeza.

Mara ya kwanza jirani alirudi nyuma kwa adabu mno, akasimama hatua tatu kabla. Nikampigia simu, nikaiweka spika juu ya kiti ili nimwongoze mikono yangu ikiwa huru. Mara ya pili akarudi kwa kasi, kamba ikakatika, godoro likaangukia boneti, na kamera ikaona giza la zambarau kwa dakika mbili. Mara ya tatu nikairudisha tena saa hadi 03:40, naye, kabla hajaanza, akauliza kwa nini hasa tunafanya haya. Swali zuri. Mtu hufanya kazi vizuri akijua sababu. Nikamweleza. Kisha akaja, polepole, sawasawa, puu! Kamera ikalia mlio wa ajali, ikatia kufuli. Klipu safi kama yai.

Nikaiacha kamera iendelee kuandika hadi jioni, kadi ionekane imetumika kama kawaida. Mambo madogo madogo ndiyo humtofautisha fundi na mpapasaji.

Niliitazama klipu kwenye kioo cha kamera yenyewe, ambacho ni kikubwa kama kisanduku cha kiberiti. Maridadi! Spika yake ni kama punje ya mtama na masikio yangu yana umri wangu, lakini picha haihitaji masikio.

Mke wangu ameuliza kwa nini godoro lina alama ya namba ya gari.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kula.

Kimya alinijia chumba cha kadi. Alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima uliopita. Alisema amesikia kwamba kadi ikifomatiwa, picha haziondoki papo hapo. Ana ndugu mwenye programu ya kuzifukua. Kwa hiyo kama kadi ya gari namba tatu haijaandikwa kitu tangu Jumanne, ajali ya kweli bado imo. Shemeji yako ataokoka, akasema. Akanyoosha mkono. Nipe kadi.

Mimi nalijua hilo! Nimelijua siku zote! Nimewaeleza watu mara mia: kufomati ni kuchana ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu kizima kinabaki, hadi mtu aandike kitabu kingine juu yake. Nimelieleza harusini. Nimelieleza kwa daktari wa meno, mdomo ukiwa wazi. Na jana, kwa mkono wangu, kutwa nzima, hadi jioni, nimeandika juu yake godoro.

Nikamwambia Kimya kadi iko kwenye kabati, na kabati lina utaratibu wake. Akanitazama. Mkono wake ukabaki hewani kitambo, kisha akaufuta kwenye ovaroli kana kwamba ulishika kitu.

Aliyekuwa na wasiwasi juu ya shemeji ni yeye. Mimi nilikuwa na wasiwasi juu ya daftari. Uso umeumbwa na haya, walisema wazee. Wangu umeumbwa kwa kazi gani, sijui.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja mchana. Alikaa uani na dada yake, ndivyo anavyomwita mke wangu. Nikajificha chumbani na kitabu, nikigeuza kurasa kwa sauti ili waone nasoma. Mke wangu akaniita, hana subira na kurasa.

Shemeji amekonda katika siku tano. Alisema hapati usingizi. Si kazi inayomuuma, alisema, bali kuitwa mfutaji. Mtoto wake mkubwa ameulizwa shuleni kama ni kweli mama yake ni mwongo. Kisha akaniuliza, taratibu, kama katika utaalamu wangu kuna lolote, hata dogo.

Nikaeleza joto tena. Mke wangu akaniambia hebu liache jua lizame, mtu kauliza swali.

Basi nikasema. Nimepata klipu.

Sijawahi kuona uso ukifunguka vile. Alisimama, akakaa, akasimama. Akaniuliza nimeipata wapi, nikasema ndani ya kadi, na huo ni ukweli. Akanishika mikono yote miwili. Alisema marehemu mume wake alikuwa akimwambia: ukikwama, nenda kwa kaka, kaka hababaishi. Akaniombea dua, miaka mingi, afya, macho yasififie. Mke wangu akatokwa machozi akanikatia kipande cha pili cha mkate.

Niliula. Haukuwa na ladha, lakini niliula.

Kesho litaisha. Yeye atarudi kwenye gari, mimi kwenye kadi zangu. Na naapa, kuanzia Ijumaa ijayo nitafomati. Au ile ya baadaye, Ijumaa hii nina miadi.

Jumatatu, 10 Machi

Nataka niandike haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Ofisini kwa Mkuu: Mkuu, shemeji, mama mshona nguo, Kimya, dada wa mapokezi akiandika. Nikasimama. Nilisema kwamba kwa juhudi kubwa nimefanikiwa kufukua sehemu ya kumbukumbu. Nikaeleza kufukua ni nini. Mkuu akasema Mwalimu, weka tu. Nikaichomeka. Kimya akasema kompyuta ile haina sauti, akaunganisha spika kubwa inayotumika darasani. Sikuona ubaya. Nikamshukuru hata!

Picha ikaja. Ukuta. Godoro. Mkuu akainama mbele. Akauliza mbona muhuri unasema 03:40. Nikasema ndiyo, saa tatu na dakika arobaini, kama ilivyoripotiwa. Dada wa mapokezi akasema, kwa upole, kwamba kwenye kamera hiyo ni saa tisa usiku na ushei. Wote tukalitazama jua likiwaka kwenye godoro saa tisa na dakika arobaini za usiku. Nikafungua kinywa kueleza tofauti kati ya kuhesabu saa tangu alfajiri na kuhesabu tangu usiku wa manane, ambalo ni somo zuri. Shemeji akanitangulia. Alisema polepole: hilo godoro si la dada, nyumbani kwako?

Na kabla sijajibu, spika kubwa ikaanza kujibu.

Kwanza sauti ya jirani kwenye simu, inakwaruza: "Sasa mzee, shemeji yako kwani hakufuta?"

Kisha sauti yangu. Wazi, imepangika, ya mtu aliyezoea darasa la nyuma limsikie: "Hakufuta yeye, nimefuta mimi. Sikiliza nikufafanulie. Kadi hizi sijazigusa Ijumaa saba. Nikaitwa ghafla, nikadhani ni ukaguzi, nikafomati. Umenielewa hapo?"

"Nimekuelewa. Basi si uwaambie?"

"Ah! Nikiwaambia nitaonekanaje? Shemeji ni kijana, atapata kazi nyingine. Mimi nina jina. Haya, rudi nyuma sasa. Polepole. Kata kulia. Hapo hapo, njoo!"

Puu.

Klipu zinapigwa moja baada ya nyingine, ikaanza inayofuata. Ndani yake nikasikika nikieleza jinsi nilivyorudisha saa, hatua kwa hatua, na faida za kufanya hivyo. Kamera ina maikrofoni. Nilikuwa najua ina maikrofoni. Imo katika maelezo niliyoyaandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza, yamebandikwa ukutani nyuma ya kiti cha Mkuu.

Mama mshona nguo alifumba macho.

Mkuu akazima. Alimwomba shemeji radhi, kwa kusimama, mbele yetu wote. Akasema kwamba neno la mwalimu wake dhidi ya neno la dereva wa lori halina mjadala tena, na ile breki ya mkono ya Kimya alipaswa kuisikiliza tangu Jumanne. Akampa ufunguo wa gari namba tatu mkononi. Mimi alinipa mgongo.

Nikamgeukia shemeji. Nilikuwa na hotuba. Akanizuia kwa kiganja. Hakulia, hakupaza sauti. Alisema: "Shemeji, wanangu wanakuita baba mkubwa. Niwaambie mkubwa kwa lipi?"

Nimefundisha miaka thelathini na mitatu. Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na maprofesa. Nilibaki nimesimama hadi dada wa mapokezi akaniambia wameshatoka wote, na anataka kufunga ofisi ya Mkuu.

Mke wangu ameshapewa habari. Ameligeuza godoro, maua yawe chini. Nimelala upande wangu, yeye upande wake, na kati yetu pangeweza kupita lori.

Jumatano, 12 Machi

Sikufukuzwa! Ninaandika hili kwa unyenyekevu.

Nimeambiwa ni shemeji aliyeniombea. Alimwambia Mkuu kwamba mzee akikaa nyumbani atammaliza dada yake kwa maelezo. Nilipolisikia hilo nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Kuombewa kazi mara mbili na mtu huyo huyo, na mara ya pili baada ya kumtendea hivyo! Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya walimu wote. Nilikuwa nimeandika kurasa sita. Alinisikiliza hadi ya pili, akasema yameisha shemeji, wanafunzi wananingoja. Hakusema amenisamehe. Alisema yameisha. Nimelifikiria neno hilo kutwa na kila nikilifikiria uso unapata joto.

Nimejichunguza kwa kina, kama mtu mzima anavyopaswa. Nilikosea wapi? Nimeandika majibu: maikrofoni ingezimwa, saa ingewekwa 09:40, na godoro lingefunikwa shuka jeupe. Mtu anayejitathmini hivi hawezi kurudia kosa.

Kadi amepewa Kimya. Jana kazifomati zote tano, nusu saa tu, bila kumweleza mtu chochote. Huo ni utunzaji gani?

Mimi nimepewa upepo wa matairi. Kila asubuhi, magari matano, kila gari matairi manne na la akiba. Ishirini na tano! Kuinama mara ishirini na tano, kwa mgongo huu. Lakini hapa elimu ina nafasi yake. Matairi ya gari moja husimama kwenye ardhi moja, hupigwa na jua moja, hubeba mwili mmoja. Joto lile lile, mgandamizo ule ule. Kwa hiyo ukipima moja kwa uangalifu, kisayansi umepima yote. Leo nimepima moja kwa kila gari na nimejaza visanduku vyote ishirini na vitano kwa mwandiko ambao Mkuu mwenyewe ameusifu. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Jambo moja tu limenisikitisha. Saa mbili shemeji alikuja kuchukua gari namba tatu. Alisoma karatasi yangu, akanisalimu vizuri, akaiweka kwenye kiti. Kisha akatoa kipima upepo chake mwenyewe mkobani, akapiga magoti, akaanza na tairi la kwanza.

Sijui kwa nini watu siku hizi hawaaminiani.